Gitaa la Nyuma ya Pazia

Hafidha hakuwa mwanamke wa kununa, lakini asubuhi ile alinuna. Tangu wamalize chai mumewe alikuwa akijizungusha tu: mara anaupangusa udi wake wa kupiga ambao hauendi popote, mara anafunga dirisha lililokwisha fungwa, mara anatafuta kofia nayo iko kichwani.

"Baba Chiku, twende zetu," alimwambia. "Malindi haitatufuata hapa Mambrui."

"Nakuja, Mama Chiku. Wanikimbiza utadhani nimeiba."

Mtu baki angewasikia angedhani wanakwenda kununua ng'ombe. Walikuwa wanakwenda kutafuta gitaa. Tena si gitaa lolote, bali lile la nyuzi kumi na mbili, lenye tundu la kutia waya wa spika, na lisilo ghali. Kuyapata hayo matatu mahali pamoja, mwaka ule wa themanini na sita, haikuwa kazi ndogo. Mbaruk, mumewe, alilijua hilo, na Hafidha alidhani ndilo linalomchelewesha.

Mambo yalianzia arusini. Mambrui, siku ya wanawake, mpigaji mwanamume haingii uani akawaona wake za watu wamevua buibui na kujipamba. Hutundikwa pazia zito mlangoni, yeye akakaa ukumbini na ala yake, na mwimbaji, ambaye ni mwanamke, akakaa ndani na wenziwe. Miaka nenda miaka rudi Mbaruk alikuwa upande huu na udi, Hafidha upande ule na sauti yake. Watu waliwatania kwamba ndoa yao imetiwa pazia katikati na bado haijavunjika.

Lakini arusi za siku hizi si zile. Wageni wanakuja kutoka Lamu, kutoka Mombasa, na watoto wao na makelele yao, na udi, maskini, haufiki ng'ambo ya pazia. Arusi iliyopita msichana mmoja aliuliza kwa sauti, "Huyo mpigaji yupo, au amelala?" Watu wakacheka. Hafidha alicheka nao, lakini neno lile lilimkata maini. Walijaribu kuuwekea udi kipaza sauti, na ile spika ikapiga ukelele hadi watoto wachanga wote wakaamka.

Sasa ilikuwa zamu ya Zuleikha kuolewa, mjukuu wa Bi Mwanabibi. Bi Mwanabibi hakutaka kusikia habari nyingine: nyumbani kwake haolewi mtu bila ya Hafidha kuimba. Dada zake bi arusi nao walikuwa na lao, walitaka lile kundi la Malindi lenye kinanda cha umeme. Wakavutana wee, mwisho wakapatana hivi: Mbaruk akipata ala ya kusikika, sawa. Asipopata, kinanda.

Na kundi la kinanda lina mwimbaji wake. Hilo ndilo lililomkosesha Hafidha usingizi. Arusi hii ikienda, za nyuma yake zitaifuata, na yeye atakuwa anaalikwa kama wengine, anakaa mkekani na sahani ya pilau, anamsikiliza kijana wa watu akiimba.

Gitaa la nyuzi sita Mbaruk alikwisha liazima akalirudisha siku ile ile. "Limekonda," alisema. Yeye ni mtu wa udi, amezoea nyuzi ziende mbili mbili, risha ya kupigia ikipita zijibu kwa pamoja. Ndipo mtu akamwambia kwamba yako pia magitaa ya jozi.

*

Duka la Abdillahi lilikuwa ndani ndani, nyuma ya soko, limejaa redio na taa za kandili. Abdillahi alikuwa kijana wa heshima zake, akawaamkia, akawapa viti, kisha akateremsha magitaa mawili ukutani. Moja lilikuwa jipya, linang'aa hata unajiona uso, na alipotaja bei Mbaruk akalirudisha taratibu juu ya meza bila ya kulipiga. La pili lilikuwa dogo, jepesi, limetumika kidogo, na bei yake ilisemeka.

Hafidha alikuwa amevuta buibui hadi juu ya pua, kwa kuwa mbele ya wanaume wageni ndivyo alivyolelewa. Akamsogelea mumewe na kumnong'oneza, "Hilo dogo. Lina sauti safi, na nyuzi zake hazitakuumiza vidole."

Mbaruk hakugeuka. Akalikamata lile dogo, akaanza kulitengeneza sauti, akizungusha funguo moja moja. Nyuzi nene alizipatia barabara. Nyembamba, zile wenzi wa hizo nene, alizilegeza mpaka zikawa zinaning'inia, kisha akapiga risha. Lo! Hafidha alisikia meno yakiingia ganzi.

"Samahani, mzee," alisema Abdillahi. "Hizi nyembamba hazilingani na nene. Hupandishwa juu, zikawa kama mtoto anaimba juu ya mamake."

"Ala!" Mbaruk akacheka. "Sisi watu wa udi jozi ni pacha, zina sauti moja. Nani angejua kwamba Wazungu wamewatenganisha?"

Wote wakacheka, na Hafidha pia nyuma ya buibui. Kosa lile alilielewa. Mtu aliyepiga udi umri wake wote, mikono yake ilitenda ilivyozoea, basi. Ila aliyofanya baadaye hakuyaelewa. Mbaruk aliliegemeza gitaa kifuani, akainama akaweka kidevu juu ya ubao wake, akapiga uzi mmoja, akangoja. Akapiga tena. Akatikisa kichwa.

"Halisemi hili," akasema.

"Lasema vizuri sana," Hafidha akanong'ona, sasa kwa hasira. "Chukua hilo, Baba Chiku, usituaibishe."

Mbaruk akainuka, akamshukuru Abdillahi, akaelekea mlangoni. Hakumjibu hata neno. Hafidha akatoka nyuma yake huku moyo unamfukuta. Miaka yote waliyokaa pamoja hajapata kudharauliwa vile, tena mbele ya watu.

Abdillahi akawakimbilia hadi barazani. Yuko mtu Dabaso, aliwaambia, anaitwa Kaingu, alikuwa mpigaji wa hoteli moja huko Watamu. Ana gitaa la jozi analotaka kuliuza. "Lakini halina sura," akaonya.

*

Halikuwa na sura kweli. Lilikuwa pana, limebabuka rangi, na tumboni lilikuwa na ufa uliozibwa kwa gundi na kipande cha ubao wa namna nyingine. Kaingu alilitoa chini ya kitanda akalipangusa kwa fulana.

"Lilianguka jukwaani," alieleza. "Nililiziba mwenyewe. Lakini waya wake mzima, na likiunganishwa na spika halali mtu usingizi. Hoteli nayo imeleta kinanda, mzee, miye nalima mihogo sasa." Akataja bei, na ilikuwa bei ya mtu anayetaka kitu kimtoke nyumbani.

Walikaa kivulini nje ya jiko lake. Kaingu akamwonyesha Mbaruk namna ya kuzitengeneza zile jozi, nene chini, nyembamba juu, na jozi mbili za mwisho ndizo za kulingana. Alieleza taratibu, uso kwa uso, na Mbaruk akaitikia kila neno. Kisha Mbaruk akazilegeza nyuzi na kuzitengeneza upya mwenyewe ili mkono ushike.

Nene zikakaa sawasawa. Nyembamba zikaenda ovyo. Safari hii hazikulegea, zilipandishwa kama alivyofundishwa, lakini moja ilipita juu, nyingine haikufika, na Mbaruk akapiga risha juu ya machafuko yale huku anatabasamu. Kaingu alikunja uso akatazama chini. Mbaruk akaweka kidevu ubaoni, akalikumbatia lile gitaa bovu, akapiga tena, na tabasamu likazidi.

Hafidha akamkodolea macho. Huyu ndiye Mbaruk aliyekuwa akipita njiani akisikia udi umelegea uzi mmoja ndani ya nyumba ya mtu, anabisha hodi kwenda kuukaza. Watu wa udi watakosea mara moja, kwa mazoea. Lakini hapa kaambiwa, kaelewa, na bado hasikii.

Akasimama nyuma yake kidogo, buibui mdomoni. Tangu waoane hajapata kumwita kwa jina lake. "Mbaruk," alisema, wala hakunong'ona. "Nyumba yetu inaungua."

Kaingu alishtuka akamtazama. Mbaruk alikuwa anatabasamu na gitaa lake.

Yote yakamjia Hafidha kwa mkupuo. Mwaka wa pili huu mumewe amekuwa hamtoi macho mdomoni wanapozungumza. Na yeye, mjinga wee, akizidisha wanja na kujitazama kiooni, akidhani ni mapenzi ya uzeeni! Ndiyo maana nyumbani hujibu, na mbele za watu, akijifunika, huwa kama anazungumza na ukuta. Na ndiyo maana asubuhi ile kofia haikuonekana. Aliogopa kwenda.

"Mwanangu," alimwambia Kaingu, "hebu nipatie maji ya kunywa."

Kaingu, mtu mwenye akili zake, akaenda kuyatafuta mbali. Hafidha akazunguka mbele ya mumewe, akachutama, akashusha buibui.

"Husikii," akamwambia.

Mbaruk akautazama uso wa mkewe. "Nene nazisikia," akasema. "Ngoma naisikia. Mambo membamba ndiyo yamenitoka."

"Na sauti yangu?"

Mbaruk akapapasa ule ufa uliozibwa. "Nusu naisikia. Nusu naikumbuka."

Hafidha akalia, hakujizuia. Alilia kwa huruma, na kwa hasira vilevile, maana hasira ilikuwapo. "Na mbona hukuniambia? Mimi ni nani kwako, jirani?"

"Ningekwambia ungeacha kuimba. Ungesema huwezi kuimba na mtu mwingine, ukakaa nyumbani kunitazama. Nakujua."

Alimjua kweli, na hilo lilimwudhi zaidi. Akajipangusa macho kwa ncha ya leso.

"Basi hili gitaa bovu umelipendea nini?"

Mbaruk akaushika mkono wake, akaulaza juu ya ubao uliozibwa, akapiga uzi mnene. Ule mtetemo ukampanda Hafidha hadi kiwikoni. "Lile la dukani likipigwa linabaki huko huko," Mbaruk akasema. "Hili linaniingia kifuani. Vile vyuma vya shingoni mwake vitaninyima zile sauti za katikati za udi, najua. Lakini nikiliegemea najua niko wapi."

Hafidha akaliangalia. Baya, halina hata pa kulisifia. Ndani ya nafsi yake bado alilitamani lile dogo la Malindi, jepesi, safi. Kisha akashika funguo mwenyewe. "Piga," akasema. "Moja moja. Nene yako, nyembamba yangu." Mbaruk akapiga, naye akazungusha, anakosea, anarudi nyuma, hadi mtoto na mamake wakapatana. Kaingu aliporudi na kata ya maji alikuta gitaa linaimba na bibi wa watu ana jasho usoni na buibui limemshuka mabegani, akageuza macho kwa adabu.

"Tunalichukua," Hafidha akamwambia.

*

Nyumbani walifanya mazoezi uso kwa uso, na mambo yakaenda. Hafidha akitanua mdomo Mbaruk anajua, akimeza mate anajua. Siku ya tatu ndipo Hafidha alipolitaja lile ambalo kila mmoja wao alikuwa analikwepa.

"Na pazia?"

"Nyimbo ni zile zile," Mbaruk akasema. "Naanza miye, wewe unaingia. Nitahesabu."

"Nikazungumze na Bi Mwanabibi?"

"Wallahi, ukimwambia mtu sitoki humu ndani." Na Hafidha aliona kwamba hatanii. Mpigaji kiziwi! Ingekuwa kichekesho kuanzia Mambrui hadi Kibarani.

Siku yenyewe, baada ya alasiri, ua wa Bi Mwanabibi ulijaa hadi pa kukanyaga hapana. Jenereta ilivuma nyuma ya nyumba. Spika mbili zilisimamishwa uani, waya ukapita chini ya pazia hadi ukumbini kwa Mbaruk, aliyekaa karibu na mlango, na kabla ya wageni kujaa Hafidha alikwenda kukaza zile nyembamba akisingizia kwamba anampelekea kahawa. Mbaruk alipopiga risha ya kwanza, wanawake waligeuka. Sauti ilijaa ua mzima. Yule msichana wa arusi ile nyingine aliguna, "Makubwa!" na Hafidha akamwona, akafurahi, kusema kweli, kuliko ilivyopasa.

Kisha akaingia na wimbo, na mambo yakaharibika.

Wanawake walikuwa wamempokea kwa vigelegele, naye, kama mwimbaji yeyote mwenye kuwajua wasikilizaji, aliwangoja watulie kabla ya kuanza ubeti. Mbaruk hakungoja. Alikuwa anahesabu. Gitaa likatangulia mbele na sauti ikabaki nyuma. Hafidha akaharakisha kumfikia, akampita. Kiitikio kikafika yeye anakwenda huku na gitaa linakwenda kule, na ng'ambo ya pazia Mbaruk anapiga kwa nguvu na raha zote, hana habari.

Minong'ono ikaanza. Dada mmoja wa bi arusi akamwambia mwenziwe, wala hakuteremsha sauti, "Si tulisema kinanda?" Zuleikha mwenyewe, kwenye kiti chake cha mapambo, aliinamisha kichwa. Bi Mwanabibi alikuwa anamkazia Hafidha macho, na macho yale yalikuwa yanauliza.

Hafidha aliona njia mbili tu. Anyamaze, aseme koo limemuuma, watu wasikitike kidogo na wapeleke mtu kuita kinanda. Au.

Akainuka na kiti chake, kipaza sauti mkono wa kulia, akakisogeza hadi akaliegemea pazia. Akapitisha mkono wa kushoto nyuma yake, akapapasa hewa, akapata bega. Bega lilishtuka. Akalifinya, na gitaa likanyamaza.

Shingo zote zikageukia pazia.

"Hafidha!" Bi Mwanabibi akapaza sauti. "Mkono huo unatafuta nini huko kwa wanaume?"

"Unamtafuta mume wangu, Bibi," Hafidha akajibu kwenye kipaza sauti, na maneno yakatoka kwenye spika zote mbili. "Kuna mwenye kumdai hapa?"

Kicheko kikalipuka. Wanawake wakapiga makofi, wakapigana mabega. "Haya, mshike asitoroke!" mmoja akapiga kelele. Hafidha hakucheka. Alikuwa anapiga pigo kwa vidole juu ya lile bega, polepole, namna ya kumbembeleza mtoto. Akahisi bega linafahamu. Linalegea. Kisha pigo likamrudia kutoka upande wa pili, katika mfupa wa mumewe, kabla halijatoka kwenye spika.

Wakaanza upya. Akitaka kungoja, anakaza vidole, naye anangoja. Akitaka kuingia, anagonga. Ubeti ulipokwisha akauinua mkono, na gitaa likakatika hapo hapo kama limekatwa kwa kisu. Vigelegele vilipanda hadi kwa majirani. Mashoga zake wakaja kumtunza, na kwa kuwa mkono mmoja una kipaza sauti na mwingine uko nyuma ya pazia, walimchomekea noti kichwani, kwenye mtandio, shingoni, huku wanamtania kwamba leo kafungwa pingu. Bi Mwanabibi alikuja wa mwisho. Hakumtunza. Alimwinamia akamtazama machoni kwa muda, akalitazama pazia, kisha akakichukua kipaza sauti mkononi mwake akamshikia yeye mwenyewe, mdomoni, akiwa amesimama kwa miguu yake yenye maradhi.

"Imba," akamwambia.

Hafidha akaimba wimbo wa mwisho, wa kumtoa bi arusi, ule wenye beti nyingi. Maneno yalipokwisha alifunga mdomo, na Bi Mwanabibi akashusha kipaza sauti. Sasa alipaswa kuinua mkono.

Akamfikiria yule msichana aliyeuliza kama mpigaji amelala. Akafikiria nusu ile ya sauti yake ambayo mumewe anaikumbuka tu, na itakavyopungua mwaka hata mwaka. Mkono hakuuinua. Aliuacha pale pale begani, na Mbaruk, akiamini kwamba mkewe bado anaimba, aliendelea kumpigia.